Wasomaji Wanauliza: Binti Yangu Anahamia Kwenye Nyanda za Ngano

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu, salamu kutoka Muheza. Mimi ni mama wa watoto wanne, na kitindamimba wangu, binti, ameolewa. Mumewe alishinda bahati nasibu ya viza ya Marekani, akatangulia miaka miwili iliyopita, na sasa ameajiriwa kwenye mazizi ya kunenepeshea ng'ombe katika kaunti ya wakulima huko Oklahoma, upande wa magharibi kabisa. Binti anamfuata mwezi wa tisa. Juzi mkwe alitupigia simu ya video akatuonyesha nje ya nyumba yake: hakuna mti, hakuna jirani, hakuna hata mbuzi anayekatiza, ni ardhi na mbingu tu. Marekani niliyoijua mimi ni ya majumba marefu. Mtoto wangu amekulia karibu na soko la machungwa na hajawahi kulala mahali pasipo na sauti za watu. Ataishije huko? Ni kweli kwamba upepo wa huko unang'oa nyumba? Na akiugua atakimbilia wapi?
Mama mwenye wasiwasi, Muheza

JIBU: Shikamoo, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kuwa mkwe wako ameangukia karibu kabisa na mahali nilipoishi kwa miaka saba, nikipika katika jiko la shule huku mume wangu akitengeneza mitambo ya kumwagilia mashamba. Ushauri wangu mkubwa nautanguliza ili usipotee katikati ya maelezo: kabla ya kununua koti la baridi, kabla ya kufungasha sufuria na vitenge, binti ajifunze kuendesha gari, na ajifunzie hapa hapa Tanga, mpaka usukani uwe kwake kama mpini wa baiskeli.

Nitaeleza kwa nini. Ukiitazama ramani ya Oklahoma utaona umbo la kikaango, na mpini wake umenyooka kuelekea magharibi. Mpini huo una kaunti tatu tu. Ya mwisho inaitwa Cimarron, na ndiyo kaunti pekee ya Marekani inayopakana na majimbo manne mengine, yaani Texas, New Mexico, Colorado na Kansas. Ukubwa wake unapita kilomita za mraba 4,700, kwa hiyo ni kubwa kuliko wilaya yenu ya Muheza, lakini sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu 2,296. Muheza ina watu zaidi ya laki mbili. Wagawanye watu wale kwenye ardhi ile, na kila mmoja atapata kilomita mbili za mraba za kwake peke yake, pamoja na upepo wake.

Makao makuu ya Cimarron ni mji mdogo uitwao Boise City, wenye jengo la mahakama katikati na maduka yaliyolizunguka. Usiku wa manane, Julai 1943, ndege ya kivita ya Marekani yenyewe iliyokuwa mazoezini ilidondosha mabomu ya kujifunzia juu ya mji huo, kwa sababu marubani walidhani taa chache za uwanja wa mahakama ndizo shabaha waliyotumwa kuilenga. Hakuna aliyeumia. Nakisimulia kisa hiki ili upate picha ya giza la nyanda zile, ambapo taa nne zinatosha kumpoteza rubani.

Sasa rudi kwenye gari. Kutoka Boise City hadi Guymon, mji mkubwa zaidi katika mpini huo wa kikaango, ni takriban kilomita 100, yaani kama Tanga na Korogwe. Kutoka Guymon hadi Amarillo, jiji lililoko Texas, kwenye madaktari bingwa na maduka ya kila namna, ni kama kilomita 200. Njiani hakuna daladala, hakuna bodaboda, hakuna kosta inayopita ikipiga honi. Asiye na gari hukaa ndani, na asiyejua kuendesha humsubiri anayejua. Katika jimbo jirani la Kansas mtoto wa mkulima anaruhusiwa kupata leseni ya shambani akiwa na miaka 14, na sheria hiyo haikutungwa kwa kudekeza watoto. Imetungwa kwa sababu mtoto asipoendesha, shule na shamba vyote vinamshinda.

Mimi nilifika bila leseni. Miezi minne ya kwanza, mume akiondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi giza limeshaingia, nilikuwa nikisimama kwenye dirisha la jikoni nikihesabu malori ya ng'ombe barabarani. Siku moja sukari iliniishia. Nikanywa chai isiyo na sukari siku tatu, huku gari la pili likiwa limeegeshwa uani, tanki limejaa mafuta, funguo zikining'inia ukutani. Chai niliiweza. Funguo zile ndizo zilizoniliza. Kwa hiyo, mama, usimruhusu binti apande ndege kabla hajapata leseni ya hapa, hata kama kule atatakiwa kufanya mtihani upya na kuzoea kupita upande wa kulia wa barabara.

Kupotea si rahisi, na hilo likutulize. Nchi ile ilipimwa kwa miraba ya maili moja kila upande, na barabara za changarawe hufuata mipaka ya miraba hiyo, zimenyooka kama uzi. Anayezijua barabara za namba za Ngamiani, pale Tanga mjini, ameshaielewa kaunti nzima, ila tu kwamba kutoka barabara moja hadi nyingine utatembea kilomita moja na zaidi ya nusu.

Kuhusu watu, mkwe wako amesema kweli na amekosea. Nyumba ni chache na ziko mbalimbali, lakini kila mtu anakujua. Ukikutana na pikapu njiani, dereva anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na ndiyo hodi yao. Ajizoeze kukijibu, kwa sababu asiyejibu anasemwa. Wiki ya pili tu mwanamke wa nyumba ya jirani, kilomita tatu kutoka kwetu, alikuja na bakuli la viazi vilivyookwa kwa jibini na akakaa dakika kumi. Bakuli lile halirudishwi tupu, kama ilivyo kwetu. Mimi nililirudisha na maandazi, na kuanzia hapo nikaitwa kila palipokuwa na shughuli. Watamkaribisha kanisani, tena zaidi ya mara moja. Aseme kwa upole kwamba yeye ni Mwislamu, na wengi wao wataliheshimu hilo wakaendelea kumwalika kwenye chakula cha mavuno. Sisi siku za Idi tulikuwa tukienda Amarillo, na mbuzi tulimnunua kwa jirani mwenye asili ya Meksiko, tukamchinja wenyewe. Jambo moja tu ajihadhari nalo: mahali penye watu wachache siri haikai. Ukiegesha gari mbele ya zahanati asubuhi, jioni utaulizwa hali yako dukani.

Chakula kisikusumbue kichwa. Viwanda vya nyama na mazizi ya maeneo yale vimewavuta wafanyakazi kutoka Meksiko, Guatemala, Somalia na nchi nyingine nyingi, kwa hiyo kwenye miji kama Guymon kuna maduka ya Kimeksiko yenye mihogo, ndizi mbichi, nazi na pilipili. Unga mweupe wa mahindi upo, ila asome vizuri kifuko: ule uliochemshwa kwa chokaa kwa ajili ya mikate yao ya chapati hautoi ugali, unatoa gundi. Niliupika siku ya kwanza, na mume wangu hajaacha kunicheka hadi leo.

Upepo, mama, ni kweli upo, tena kila siku, na ndio utakaomchosha kuliko hicho unachokiogopa. Hicho wanakiita tonado, nacho ni chamchela, ila chamchela kubwa inayoshuka kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini. Huonekana zaidi kuanzia Aprili hadi Juni. Nyingi ni ndogo na hudumu dakika chache, na mtu anaweza kuishi huko miaka mingi bila nyumba yake kuguswa, lakini kubwa ikija haina mzaha: tarehe 4 Mei 2007, usiku, mji wa Greensburg katika Kansas ulibomolewa karibu wote. Wengi wa wakazi walinusurika kwa sababu ving'ora vililia mapema nao wakashuka kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Binti ajifunze tofauti ya maneno mawili atakayoyasikia redioni na kwenye simu. La kwanza ni tahadhari (kwao "watch"), maana yake hewa imekaa vibaya, endelea na kazi ukiangalia mbingu. La pili ni onyo (kwao "warning"), maana yake imeonekana kwa macho au kwenye rada, shuka sasa hivi. Nyumba ikikosa chumba cha chini, amuulize jirani lililo karibu ni handaki la nani, na aulize siku ya kwanza, si siku ya wingu. Mimi nilishuka mara mbili katika miaka saba. Mara zote mbili tulikaa kati ya rafu za mitungi ya pichi na matango ya siki, watu tisa na mbwa, na tulipotoka kilichokuwa kimevunjika ni vioo vya magari tu, kwa mvua ya mawe makubwa kama ndimu.

Wazee wa huko hawakisimulii sana kimbunga. Wanasimulia vumbi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya ngano ilipanda, wakulima wakang'oa majani ya asili ambayo mizizi yake ndiyo iliyoshikilia udongo, wakalima mpaka mlangoni. Kisha katika miaka ya 1930 bei ikaanguka, mvua ikakatika, na udongo uliobaki uchi ukapaa. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi lilifunika nyanda zile mchana ukawa usiku, na kabla mwezi huo haujaisha Marekani ilikuwa imepata sheria ya kuhifadhi udongo. Ndiyo maana mpaka leo ataona mashamba yenye mabua ya mwaka jana yaliyoachwa yasimame. Asidhani ni uvivu.

Ugonjwa ndio eneo ambalo sitakufariji sana. Hospitali za kaunti hizi ni ndogo. Kuna aina maalumu ya hospitali za vijijini, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, ambayo hairuhusiwi kuzidi vitanda 25, na hiyo ndiyo atakayoikuta. Kwa mfupa uliovunjika, homa au chanjo inatosha. Kwa uzazi aulize mapema sana, kwa sababu hospitali nyingi za vijijini Marekani zimefunga wodi zao za wazazi, na kina mama husafiri saa moja, saa mbili, kujifungua. Akishika mimba, wapange na mumewe kwamba wiki za mwisho atakaa karibu na hospitali inayozalisha, hasa kama ni miezi ya barafu. Bima ya afya ya mkwe itazamwe kama inamjumuisha mke. Hilo lifanyike kabla ya tiketi.

Nimebakiza jambo ambalo hukuuliza, lakini linahusu riziki yao. Mkwe wako analipwa na maji. Ng'ombe anaowanenepesha hula mahindi na mtama (mtama huu huu wetu, uliotoka Afrika, ambao kule mtu hausongi ugali, unaliwa na ng'ombe), na mahindi yale katika nchi isiyo na mvua ya kutosha humwagiliwa kwa maji yanayovutwa kutoka chini ya ardhi, kwenye hazina iitwayo Ogallala, inayopita chini ya majimbo manane. Kila shamba lina mkono wa bomba wenye magurudumu, urefu wake kama mita 400, unaozunguka polepole kama akrabu ya saa, na ndiyo sababu ukiwa kwenye ndege unaona ardhi imepigwa mihuri ya duara za kijani. Shida ni kwamba kwa upande wa kusini maji yale hayarudi kwa kasi yanayochotwa. Mume wangu kila mwaka alikuwa akiteremsha pampu chini zaidi, na visima vingine alivikuta vinatoa mchanga. Kwa hiyo wafanye kazi, waweke akiba, lakini wasifanye haraka kukopa nyumba katika mji ambao uhai wake wote uko kisimani.

Akifika mwezi wa tisa atakuta ngano ndiyo inapandwa. Itachipua kabla ya baridi, na Desemba, wakati majani yote mengine yamekauka rangi ya kamba, mashamba yale yatakuwa kijani kibichi na ng'ombe wanalishwa humo. Itavunwa Juni, usiku na mchana, na vikosi vya wavunaji wa kukodi wenye kombaini zao, wanaoanzia Texas na kupanda kaskazini kuifuata ngano inavyoiva. Mwambie asikose kwenda kuangalia. Na baridi ya Lushoto asiihesabu kuwa ni mazoezi.

SWALI: Nimesikia kwamba serikali ya Marekani hugawa bure ekari 160 kwa mtu yeyote atakayekubali kuishi kwenye nyanda hizo na kulima kwa miaka mitano. Mimi ni mkulima wa mananasi na nina nguvu. Naombaje?
Kijana wa Kiwangwa, Bagamoyo

JIBU: Huombi, mdogo wangu, umechelewa. Sheria unayoisikia ni ya mwaka 1862, na ilifutwa mwaka 1976, isipokuwa Alaska ambako iliendelea miaka kumi zaidi. Wala ardhi ile haikuwa haina mwenyewe. Ilikuwa ya Wakomanche, Wakiowa na wengine, walioondolewa kwa vita na kwa kuuawa kwa makundi ya nyati ambao watu hao waliwategemea. Yeyote anayekuambia leo kwamba kwa ada kidogo atakuandikisha kupata ekari hizo ni tapeli, nawe usimpe hata nauli.

Hata ungepewa, ekari 160 kule ni shamba dogo lisiloweza kulisha familia. Baba na mwanawe hulima maelfu ya ekari kwa trekta ambayo bei yake inazidi ya nyumba, kwa mkopo wa benki, na mvua ya mawe ya nusu saa inaweza kumaliza yote. Kazi zilizopo kwa mgeni ni za mazizi ya ng'ombe, mabanda ya nguruwe, viwanda vya nyama, shule, hospitali na mitambo ya upepo. Ukitaka kulima, mananasi ya Kiwangwa yana faida kuliko ndoto hiyo, na soko lako liko barabarani.

SWALI: Nilifanya kazi mkonge tangu ujana mpaka nilipostaafu. Msimamizi wetu alizoea kutuambia kwamba nyuzi zetu zinakwenda kufunga mazao ya wakulima wa Marekani. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli au ilikuwa maneno ya kututia nguvu ya kukata. Wewe uliyefika huko, uliziona?
Mzee mstaafu, Pangani

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Ilikuwa kweli. Zamani, kabla ya kombaini, ngano ilikatwa na mashine iliyoifunga miganda kwa kamba, na kamba hiyo ilitengenezwa kwa nyuzi za katani za aina mbalimbali, mkonge ukiwamo. Kombaini zilipokuja miganda ikaisha, lakini majani makavu ya mifugo yakaendelea kufungwa marobota, na hapo mkonge ukawa na kazi kubwa zaidi. Unajua historia ya mmea wenyewe kuliko mimi: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62, ikapandwa huko huko Pangani, kwa hiyo mkonge ulitoka Marekani ukarudi Marekani ukiwa kamba. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa takriban tani 230,000. Kisha ikaja kamba ya plastiki, ya bei rahisi, na baada yake wavu wa plastiki wa kuzungushia marobota ya duara, na hayo mengine uliyaona kwa macho yako mashamba yalipoota pori.

Kuhusu kuziona, nitakusimulia. Jirani yetu mmoja, mkulima wa umri wako, alikataa plastiki. Alisema ng'ombe akiila inamkaa tumboni, na ikibaki shambani haiozi, ila katani akiisahau msimu mmoja udongo umeshaila. Siku moja alinituma bandani nikamletee robota la kamba. Nilipofungua mlango nilisimama pale pale, mzee wangu, kwa sababu banda zima lilinuka kama korona, ule mtambo wa kuchakata mkonge, harufu ile ile ya uzi mkavu uliotoka kuanikwa, ambayo sikuwa nimeinusa tangu nilipokuwa mtoto nikipita kando ya mashamba ya mkonge. Niligeuza robota kusoma karatasi yake. Iliandikwa Brazil. Nikamuuliza kama aliwahi kutumia ya Tanganyika, akafikiri kidogo, akasema jina hilo lilikuwa kwenye marobota ya baba yake, naye alikuwa hajui kama ni nchi au ni kampuni.